Kutoka Sampuli 50 hadi Milioni 22: Namba Zilizovunja Rekodi Katika Sauti

Ukifungua programu ya kubadilisha faili za muziki, utakutana na orodha ya namba: 8,000, 22,050, 44,100, 48,000, 88,200, 96,000, 176,400, 192,000. Programu inakutaka uchague moja, na wengi huchagua kubwa kuliko zote wakiamini kwamba ndiyo yenye sauti safi kuliko zote. Imani hiyo inajaza simu na diski za watu bure. Kila namba katika orodha ile ilizaliwa kutokana na shida fulani kwenye mashine fulani, na ukishaijua shida yenyewe, kuchagua hakusumbui tena. Baadhi yake zinashikilia rekodi ambazo hata asiyejali mambo ya studio atapenda kuzisikia.

Kwanza, kinachohesabiwa. Namba hizi zinaonyesha ni mara ngapi katika sekunde moja mashine inapima kimo cha wimbi la sauti na kukiandika kwa tarakimu. Kila kipimo ni sampuli. Kanuni inayotawala ni kwamba ukitaka kuhifadhi sauti ya masafa fulani, pima zaidi ya mara mbili ya masafa hayo. Harry Nyquist aliigusa mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov akaieleza kwa hesabu mwaka 1933, na Claude Shannon akaiandika mwaka 1949 kwa namna ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo. Sikio la kijana husikia hadi kama hezi 20,000, na uwezo huo unashuka kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo sampuli 40,000 na ushei kwa sekunde zinatosha kwa binadamu. Wengi hudhani kwamba kati ya sampuli moja na nyingine pana pengo, na kwamba ukiongeza sampuli unaliziba. Sivyo. Kwa masafa yote yaliyo chini ya nusu ya kasi, wimbi linarudi lilivyokuwa, likiwa na mikunjo yake yote. Kuongeza kasi kunaongeza jambo moja tu: masafa ya juu zaidi, yale ambayo sikio haliyafikii.

Ya chini kuliko zote: mara 50 kwa sekunde

Rekodi ya upande wa chini naipa SIGSALY, mtambo wa siri wa jeshi la Marekani uliotengenezwa na maabara za Bell na kuanza kazi Julai 1943. Kituo kimoja kilikuwa Pentagon. Cha London kiliwekwa chini ya ardhi katika duka kubwa la Selfridges, na waya ukavutwa hadi kwenye vyumba vya vita vya Churchill. Kituo kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Mapema mwaka huo mwanahisabati Alan Turing alikuwa amepelekwa Bell kuukagua, ili Waingereza wajue kama wanaweza kuuamini.

Maneno ya viongozi wa vita yaliwezaje kupita kwa sampuli 50 tu? Siri ni kwamba mtambo haukupima wimbi lenyewe. Uliigawa sauti ya msemaji katika mafungu 10 ya masafa, ukapima nguvu ya kila fungu, na pembeni ukapima kimo cha sauti yake. Nguvu ya fungu moja hubadilika polepole, kwa mwendo wa ulimi na midomo, na ulimi hauwezi kwenda mbio kama wimbi. Kila kipimo kilipewa ngazi moja kati ya 6. Kisha vipimo vikachanganywa na kelele zilizorekodiwa kwenye santuri, nakala pacha zikiwa pande zote mbili na kuzungushwa sawasawa, ili upande wa pili uweze kuiondoa kelele na kuiunda sauti upya. Santuri zikishatumika ziliharibiwa. Maneno yalieleweka, ingawa ilikuwa vigumu kumtambua msemaji kwa sauti yake. Naliona hili kuwa somo la kwanza kwa anayechagua kasi ya sampuli: jiulize kwanza unachopima ni nini, ndipo uulize upime mara ngapi.

Kasi iliyokaa kazini muda mrefu kuliko wenzake ni 8,000. Ndiyo kasi ya simu, iliyowekwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho G.711 mwaka 1972, na bado inafanya kazi. Simu ya namna hiyo hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400. Sehemu kubwa ya nguvu ya "s" iko juu ya hapo, na kinachoitofautisha na "f" hukatwa. Mtu akitamka "sisi" na "fisi" kwenye laini mbovu, sikio halina la kushika isipokuwa maana ya sentensi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unasikika vizuri zaidi kuliko simu ya kawaida kwa sababu unatumia kodeki ya Opus, ambayo haikufungwa na mipaka ile.

Namba ya ajabu kuliko zote

Sioni mshindani wa 44,100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na diski ya kompyuta iliyoweza kubeba saa nzima ya muziki wa tarakimu kwa bei ya kueleweka. Chombo kilichokuwa na nafasi kilikuwa rekoda ya video. Sony wakatengeneza adapta iliyozigeuza tarakimu za sauti kuwa picha ya vitone vyeusi na vyeupe, na picha hiyo ikarekodiwa kwenye kanda za U-matic kama kipindi chochote cha televisheni. Mstari mmoja wa picha ulibeba sampuli 3 kwa kila upande wa stereo. Katika mfumo wa Japani na Marekani mistari iliyotumika ilikuwa 245 kwa kila nusu-picha, nusu-picha 60 kwa sekunde. Zidisha: 3 × 245 × 60 = 44,100. Katika mfumo wa Ulaya ilikuwa mistari 294, nusu-picha 50. Zidisha tena: 3 × 294 × 50 = 44,100. Mifumo miwili isiyopatana kwa lolote ilikutana kwenye namba ileile, na kwa kuwa kanda za studio zilizopelekwa kiwandani zilikuwa za aina hiyo, Sony na Philips waliiandika kwenye kanuni za CD mwaka 1980. CD zenyewe ziliingia madukani Japani Oktoba 1982.

Kuna uzuri wa hesabu ndani yake pia. 44,100 ni 210 mara 210, yaani zao la miraba ya namba tasa nne za kwanza: 2, 3, 5 na 7. Inagawanyika kwa namna nyingi mno. Hata hivyo haigawanyiki vizuri na jirani yake mkubwa.

Jirani huyo ni 48,000, kasi ya filamu, televisheni na video nyingi za simu, iliyopata umaarufu kwa kanda za DAT kuanzia 1987. Uwiano kati yao ni 160 kwa 147, na huo ni uwiano mgumu ambao mtu wa kawaida atakutana nao mara nyingi. Kutoka 96,000 kwenda 48,000 ni nusu kamili. Kutoka 88,200 kwenda 44,100 ni nusu kamili. Lakini kutoka 48,000 kwenda 44,100 hakuna njia ya mkato. Kwa nadharia, unainua sauti hadi kwenye kasi ambayo zote mbili zinakutana, nayo ni 7,056,000, unachuja, kisha unachukua sampuli moja katika kila 160. Programu nzuri haihesabu zile sampuli milioni 7 zote. Inahesabu tu zile ambazo zitabaki.

Hapa ndipo ilipozaliwa sheria inayorudiwa studioni: usivuke familia. Familia moja ni 44,100, 88,200, 176,400 na 352,800. Nyingine ni 48,000, 96,000 na 192,000. Zamani sheria hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu vifaa vya kubadilisha vilikuwa dhaifu na uwiano mgumu uliacha uchafu unaosikika. Leo kibadilishaji kama SoX, au maktaba ya libsamplerate ya Erik de Castro Lopo, huvuka 160 kwa 147 huku uchafu ukibaki chini kabisa ya uwezo wa sikio na wa vifaa. Naifuata sheria ile pale isiponigharimu kitu. Nikihitaji CD kutoka kwenye faili ya 96,000, navuka bila wasiwasi.

Kosa ambalo kila mtu husikia halimo katika kuvuka. Limo katika lebo. Faili ya 44,100 ikiandikwa kimakosa kuwa ni ya 48,000 bila kubadilishwa, kichezeo kitaikimbiza: wimbo wa dakika 4 utaisha kwa dakika 3 na sekunde 40 na nusu, na mwimbaji atapanda karibu nusutoni moja na nusu. Ukisikia sauti unayoifahamu imekuwa ya kitoto kidogo, kagua lebo kabla ya jambo lingine lolote.

Mlio uliotoka mahali pasipo na mlio

Hili ni kosa baya kuliko yote katika ubadilishaji, na mtu yeyote anaweza kulionja kwa programu ya bure. Tengeneza faili ya 96,000 yenye mlio mmoja wa hezi 36,000. Icheze: kimya. Sasa ifanye iwe ya 48,000 kwa kutupa sampuli moja katika kila mbili, bila kuchuja. Icheze tena. Utasikia filimbi kali ya hezi 12,000, wazi kabisa, ambayo haikuwemo. Masafa yaliyozidi nusu ya kasi mpya hayapotei yenyewe. Yanajikunja na kurudi chini, 48,000 kutoa 36,000, yakiwa yamevaa sura ya muziki. Yakisharudi hakuna chombo cha kuyatoa.

Kwa hiyo kiini cha ubadilishaji ni kichujio kinachoyaondoa masafa ya juu kabla sampuli hazijapunguzwa. Kichujio kizuri huacha yote hadi 20,000 na kuzima yote kuanzia kwenye nusu ya kasi mpya. Kwenye 44,100 nafasi ya kufanyia hivyo ni nyembamba, kati ya 20,000 na 22,050. Kwenye 48,000 ni pana karibu maradufu ya hapo, hadi 24,000. Hii ni sababu ya kweli ya kuipenda 48,000, na nadhani haisemwi vya kutosha.

Kuna jambo jingine dogo linaloharibu kazi ya watu. Nyimbo za siku hizi hurekodiwa zikigusa dari ya juu kabisa. Kichujio kinapolichora wimbi upya, kilele kinaweza kupita juu ya dari na kukatwa. Punguza desibeli 1 au 2 kabla ya kubadilisha. Na kama unashuka kutoka biti 24 kwenda 16, badilisha kasi kwanza, halafu ndipo ushushe biti na kutia ule mvumo mdogo wa makusudi unaoficha makosa ya kukadiria.

Masikio makali kuliko yote

Wapo wanaohitaji namba kubwa kwelikweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, walionyesha kwamba nondo wa nta, Galleria mellonella, husikia hadi hezi 300,000. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kumfikia. Kurekodi kila anachosikia kunahitaji zaidi ya sampuli 600,000 kwa sekunde.

Kwetu Afrika Mashariki yuko mwenye rekodi yake. Popo mdogo aitwaye Cloeotis percivali alielezwa kisayansi mwaka 1901 kutokana na kielelezo kilichopatikana Takaungu, kaskazini mwa Mombasa. Hutafuta nondo gizani kwa milio inayofikia takribani hezi 212,000, miongoni mwa milio ya juu kuliko yote iliyopimwa kwa popo. Vifaa vingi vya kurekodi popo hufanya kazi kwa sampuli 256,000 au 384,000. Nusu ya 384,000 ni 192,000. Mtafiti akienda pwani na kifaa hicho, popo wa Takaungu atapita juu ya kichwa chake bila kuonekana kwenye rekodi, au mlio wake utajikunja na kuandikwa mahali pasipo pake. Anahitaji 500,000.

Upande wa pili wako tembo wa Amboseli. Mtafiti Katy Payne alizigundua sauti nzito za tembo mwaka 1984, kisha akazichunguza Amboseli pamoja na Joyce Poole. Nyingine zinaanzia hezi 14, chini ya usikivu wetu. Kwa miungurumo hiyo peke yake sampuli 1,000 kwa sekunde ni nyingi. Kinachowatesa watafiti wa tembo ni maikrofoni na upepo.

Namba kubwa zinazouzwa kwa wapenzi wa muziki

Mwaka 1999 Sony na Philips walileta diski iitwayo SACD, yenye sampuli 2,822,400 kwa sekunde, mara 64 ya CD. Watu hushangaa wakiiona namba hiyo pembeni ya 192,000, lakini vitu hivyo viwili havilinganishwi moja kwa moja, kwa maana sampuli ya SACD ina biti moja tu. Ukubwa wa namba unalipia ufupi wa biti, na kelele zote husukumwa juu ya masafa ya muziki. Mfumo huo, uitwao DSD, umekuzwa, kwa mfano kwenye DSD512 yenye sampuli 22,579,200 kwa sekunde, na sijui sababu ya muziki inayoitaka. Mwenye faili za SACD anayezipeleka kwenye muundo wa FLAC atosheke na 88,200. Ukipanda 176,400 utabeba kwa uaminifu mkubwa zile kelele zilizosukumwa juu, pamoja na muziki uleule.

Mwanamuziki Neil Young aliamini vingine. Mwaka 2014 alichangisha zaidi ya dola milioni 6 kwenye Kickstarter kwa ajili ya kichezeo chake, Pono, kilichofika 192,000 kwa biti 24. Fedha zile ziliingia kwa kasi kubwa kwa sababu alikuwa anasema kweli kuhusu jambo moja: muziki uliobanwa hovyo unaudhi. Dawa ndiyo aliyoikosea. Miaka miwili kabla, Chris Montgomery wa shirika la Xiph.Org alikuwa ameandika kwa kirefu kwamba faili za 192,000 zinaweza hata kudhuru, maana masafa yasiyosikika yakipita kwenye amplifaya na spika hugongana na kuzaa mengine yanayosikika.

Majaribio ya masikio yamefanywa. E. Brad Meyer na David Moran walichapisha lao mwaka 2007: rekodi za hali ya juu zilichezwa moja kwa moja, au kupitishwa kwanza kwenye mnyororo wa CD wa 44,100 na biti 16. Katika majaribio 554 wasikilizaji walipatia 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 na kukuta waliopatia ni asilimia 52.3. Tofauti ipo kwa mbali, hasa kwa waliofunzwa kusikiliza. Kwa anayesikiliza ndani ya daladala, asilimia mbili hizo hazistahili nafasi inayoliwa kwenye simu.

Na nafasi ni nyingi. Stereo ya CD hula megabaiti 10.6 kwa dakika kabla ya kubanwa. Ya 96,000 kwa biti 24 hula 34.6. Ya 192,000 hula 69.1, na ya 352,800 hula 127.

Basi ukikaa mbele ya orodha ile, fanya hivi. Faili ikienda kwenye MP3 huna uchaguzi mpana: muundo huo unaishia 48,000, kwa hiyo faili ya 96,000 iende 48,000 na ya 88,200 iende 44,100. Opus hufanya kazi ndani ya 48,000, nayo itabadilisha chochote utakachoipa. Video iwe 48,000. CD iwe 44,100, hata ikibidi kuvuka. Faili ya 44,100 usiipandishe kwa matumaini ya kuiboresha. Kilichoachwa nje siku ya kurekodi hakimo. Faili asili usiifute, kwa kuwa kutoka kwake utapata nyingine zote, na hakuna njia ya kurudi.

Sehemu moja tu nasimama upande wa namba kubwa bila kusita, nayo ni kanda za zamani. Muziki wa bendi za NUTA Jazz na Morogoro Jazz uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam uko kwenye utepe wa sumaku unaochakaa, na huenda mtu akapata nafasi moja tu ya kuucheza. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka isiwe chini ya 48,000 kwa biti 24, na hifadhi nyingi hutumia 96,000. Kasi kubwa husaidia programu kutofautisha mkwaruzo na ngoma. Tena kanda nyingi zina mlio wa juu uliotiwa na rekoda yenyewe wakati wa kurekodi, kilohezi 40 hadi 150 au zaidi. Ukinaswa, programu za kisasa huweza kuutumia kusahihisha kuyumba kwa mwendo wa kanda. Ukiwa kilohezi 80, sampuli 96,000 hazitaufikia, 192,000 zitaufikia.

Anayefanya kazi hiyo kwa faili za WAV ajue ukuta ulio mbele yake. Muundo wa WAV unaweza kuandika kasi ya hadi 4,294,967,295, namba ambayo hakuna maikrofoni itakayoihitaji, lakini faili yenyewe huishia gigabaiti 4. Kwa stereo ya 192,000 na biti 24, ukuta huo unafika kwenye dakika ya 62 na sekunde 8, na programu nyingine hukata bila kutoa onyo. Tumia muundo wa RF64, au badilisha faili kila mwisho wa upande wa kanda.